Friza Haikuwa na Kosa: Kisa cha Mashine ya Vakyumu na Nguru wa Mikindani

Familia ni ya Mikindani: mama mtu mzima, mwanawe wa kiume na mkewe, na wajukuu. Wana friza ya kulala ya lita 200 hivi. Kila mwaka wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na bei iko chini, mama hununua nguru, changu na pweza, akawagandisha. Upepo wa kusi ukianza na wavuvi wakabaki pwani, nyumba inakula akiba. Sehemu ya akiba hiyo hupanda basi kupitia Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, kwa binti yake anayefundisha huko. Samaki wa bahari akishafika juu kule ni ghali, na mara nyingi keshachoka.

Mwaka huu waliongeza kifaa. Kijana wao aliyeko Dar es Salaam alinunua Kariakoo mashine ya vakyumu, ile ndogo ya mezani inayovuta hewa mfukoni kisha ikachoma mdomo wa mfuko ukaziba, akaipakia kwenye basi la Mtwara. Wiki chache baadaye nikapigiwa simu, kwa sababu kazi yangu ni friji na friza. Mashtaka yalikuwa matatu. Mifuko mingi imelegea, kana kwamba hewa imerudi. Nguru amebadilika rangi na ananuka mafuta ya zamani. Na mjukuu alikula nguru huyo akawashwa mdomo, uso ukawa mwekundu, akakimbizwa zahanati, akapewa dawa ya mzio na akapona. Nyumba nzima ilikuwa imeshakata shauri kwamba friza haigandishi na plastiki ya mashine ina sumu.

Nilianza na friza kwa sababu ndiyo niliyoitiwa. Nilipitisha karatasi kwenye mpira wa mfuniko pande zote nne, nikavuta. Ilikabwa vizuri kote. Nikaacha kipimajoto katikati ya mifuko, si juu yake, mpaka asubuhi. Kilisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Kiwango cha kuhifadhi samaki nyumbani ni 18 chini ya sifuri, kwa hiyo friza ilikuwa nzima. Ningeweza kuchukua nauli yangu nikaondoka.

"Sasa fundi, kama friza ni nzima, samaki wangu wameharibiwa na nini?" mama aliuliza.

"Tuwatoe mama, tuwatazame mmoja mmoja."

Tulijaza beseni maji ya baridi, nikazamisha mifuko iliyolegea na kuibinya taratibu. Huu ni uchunguzi rahisi kuliko wote na haudai kifaa: pale hewa inapotoka, povu linaonyesha. Mingi ilitoa povu mdomoni, kwenye mstari wa moto. Michache, yote ya changu, ilitoa povu ubavuni, kwenye tundu dogo usiloliona kwa macho. Kundi la tatu lilikuwa limelegea lakini halitoi povu mahali popote, nalo nitalirudia.

Nikaushika mmoja wa ile inayovuja mdomoni na kuuelekeza dirishani. Mstari wa moto mzuri huwa wazi, unapitisha mwanga, una upana mmoja kutoka pembe hadi pembe. Huu ulikuwa na vipovu vyeupe katikati, na sehemu mbili plastiki ilikuwa imejikunja ikaungua na mkunjo wake. Kwenye kipovu kimoja kulikuwa na ukamba wa rangi ya waridi iliyofifia. Ni maji ya samaki yaliyopanda, yakagandia hapohapo.

Nikaomba wanionyeshe walivyofanya. Mkaza mwana alichukua kipande cha changu aliyetoka sokoni asubuhi ile, akakiosha, akakitikisa, akakitia mfukoni na kubonyeza kitufe. Pampu ikalia. Mfuko ukaanza kumkumbatia samaki, na hapo maji yakaanza kutambaa kwenye vile vijimistari vya mfuko kuelekea mdomoni. Yalipofika kwenye waya wa moto, mashine ikachoma. Mstari ukatoa mvuke, fsss. Kazi ikahesabiwa imekwisha, na kwa macho mfuko ulikuwa umebana kweli.

Mashine ya mezani ndivyo inavyofanya kazi, na haina akili ya kutofautisha hewa na maji. Inavuta kilicho karibu na mdomo. Mfuko wenyewe una tabaka mbili za maana: ya nje ni nailoni, inayozuia hewa kupenya, na ya ndani ni polithini, inayoyeyuka na kushikana na mwenzake. Polithini hizo mbili lazima ziguse moja kwa moja. Katikati yake pakiwa na tone la maji, joto linaishia kuchemsha tone badala ya kuyeyusha plastiki, na mahali pale panabaki kichochoro. Mfuko unaweza kukaa umebana siku nzima, hata tatu, kisha ukalegea kidogokidogo. Ndiyo maana lawama iliangukia friza: siku ya kufunga kila kitu kilionekana sawa.

Dawa yake ni kugandisha kwanza, kufunga baadaye. Samaki aliyekatwa anaoshwa, anafutwa kwa kitambaa safi mpaka ngozi haitelezi, anapangwa kwenye sinia bila vipande kugusana, anaingia friza saa chache au usiku kucha. Akishakuwa mgumu hatoi maji, na pampu ikimbana habondeki. Halafu ndiyo mfuko. Mdomo wa mfuko unakunjwa nje kama pindo la suruali wakati wa kumtia samaki ili usishike maji wala ute, kisha unakunjuliwa mkavu. Kati ya samaki na mdomo paachwe vidole vinne vya nafasi. Watu wanabania plastiki hapa, na ubahili huo ndio unaozaa mikunjo. Mstari wa kwanza ukiisha, sogeza mfuko nje kidogo uchome wa pili. Na mashine ipumzike kati ya mfuko na mfuko, dakika moja inatosha, kwa sababu waya ukishapata moto kupita kiasi unakata plastiki badala ya kuiunganisha.

Tundu za ubavuni zilikuwa za miiba. Changu ana mapezi ya mgongoni yanayochoma hata mkono wa mpishi, sembuse plastiki ambayo hewa ya nje inaisukuma kwa nguvu zake zote. Walimfunga mzima, mapezi yakiwa yamesimama. Mkasi wa jikoni unamaliza kazi hii: kata mapezi yote, mkia pia, na penye mfupa uliochongoka weka kipande cha karatasi ngumu safi kabla ya kufunga. Kamba wana tatizo hilohilo kwenye ule mwiba wa kichwani na wa mkiani. Mimi kamba simfungi kwa vakyumu hata kidogo. Mtoe kichwa, mtie kwenye chombo chenye maji ya kumfunika, mgandishe awe donge la barafu. Hewa haimfikii na hakuna mfuko wa kutoboka. Dagaa wana dawa yao ya tangu zamani, jua. Pweza ndiye mteja mzuri wa mashine hii, hana mfupa, na baridi ya friza inamlainisha.

Mfuko mwingine uliolegea ulikuwa laini pande zote mbili. Hapo nikauliza na nikapata jibu nililotarajia: mifuko iliyokuja na mashine iliisha, wakanunua mingine dukani mjini, minene na mizuri, lakini haina mistari. Mashine ya mezani inabana mdomo wa mfuko kabla ya kuvuta. Mfuko laini ukibanwa, kuta zake zinashikana na hewa haina pa kupita. Ile mistari au vinundu vya upande mmoja ndivyo njia za hewa.

Hili linanipeleka kwenye uchaguzi wa mashine, kwa sababu yule kijana wa Dar alimuuliza muuzaji swali moja tu, kwamba inavuta kwa nguvu kiasi gani, na muuzaji alimwonyesha namba kwenye boksi. Namba hizo mimi sizipi uzito mkubwa. Hewa ya usawa wa bahari kama Mikindani inasukuma kwa takriban kilopaskali 101, na mashine za mezani nyingi huandikwa kwamba zinaondoa 60 hadi 80 za hizo. Tofauti ya 60 na 80 huioni kwenye sahani ya samaki. Tofauti ya mstari uliovuja na usiovuja unainusa.

Swali la kwanza lingekuwa la mifuko. Je, mashine inakubali mfuko wowote wenye mistari, hasa ile mirefu iliyozungushwa unayoikata mwenyewe kwa urefu unaoutaka, au inataka ya kampuni yake tu? Mtu wa Dar akiishiwa anashuka Kariakoo. Mtu wa Mtwara au Lindi anasubiri basi. Mashine inayokula mifuko ya aina moja tu, hata ikiwa ya bei chee, itageuka pambo la kabati mifuko ikiisha. Agiza mifuko ya msimu mzima siku unayonunua mashine, na uagize pamoja na ule mpira mweusi laini unaozunguka mahali pa kubania, kwa kuwa ndio unaochoka mapema kuliko kitu kingine chochote ndani yake.

La pili, kuwe na kitufe cha kuziba bila kuvuta, peke yake. Ukiona maji yanapanda, unakibonyeza kabla hayajafika kwenye waya, na umeokoa mfuko. Mashine ya familia hii ilikuwa nacho. Maandishi yake ni ya Kichina, hakuna aliyewahi kukigusa.

La tatu, trei ya kupokea maji itoke ioshwe. Mashine ya samaki isiyooshika inaanza kunuka kabla samaki wenyewe hawajanuka. Na anayeletewa na ndugu kutoka Marekani atazame nyuma ya mashine kabla ya kuichomeka: umeme wao ni volti 120 na wetu ni 230. Nimeshapokea mezani kwangu mashine iliyowaka mara moja tu katika maisha yake ya Tanzania.

Kuna vipampu vya mkono vinavyotumia mifuko yenye kidude cha kunyonyea hewa. Ni rahisi, ila kile kidude kikilowa au kikiota barafu hakishiki. Kwa samaki wa kuliwa ndani ya wiki mbili vinafaa. Kwa akiba ya kusi nzima, hapana. Halafu kuna mashine ya kasha, ambayo mfuko wote unaingia ndani na mfuniko unafungwa. Humo hewa inaondoka ndani na nje ya mfuko kwa pamoja, kwa hiyo maji hayakimbilii mdomoni, na mifuko laini ya kawaida inakubali. Ni mashine bora bila ubishi. Lakini ni nzito kiasi cha kuhitaji meza yake, na bei yake ni ya mtu anayefanya biashara.

Wapo wasiohitaji mashine kabisa, na ni wengi kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Nyumba inayogandisha changu au chewa, samaki wasio na mafuta mengi, na kuwamaliza ndani ya miezi miwili, inaweza kutumia barafu yenyewe. Gandisha samaki mpaka awe jiwe, mchovye kwenye maji ya baridi sana, mrudishe friza, rudia mara mbili tatu. Anavaa ganda jembamba la barafu na hewa haimgusi. Viwanda vya samaki vinafanya hivyo hivyo. Au mtie kwenye mfuko wa zipu, uzamishe polepole kwenye ndoo ya maji huku mdomo ukibaki juu. Maji yanaisukuma hewa yote nje, unaziba.

Turudi kwa nguru, maana hapo ndipo mama alipouma meno.

Vipande vya nguru vilivyokuwa kwenye mifuko iliyovuja vilikuwa na rangi ya manjano yenye kutu, hasa ule ukanda wa tumbo karibu na ngozi, na pembeni nyama ilikuwa imekauka, nyeupe, inachomoka nyuzinyuzi ukiigusa kwa kucha. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ukavu unatokana na maji kuacha nyama na kupotea hewani yakiwa barafu, bila kuyeyuka kwanza. Manjano na harufu ni mafuta yaliyokutana na oksijeni. Baridi haizuii mafuta kuchacha, inachelewesha tu. Nguru, jodari na vibua wana mafuta, kwa hiyo wakigandishwa kwa kufungwa ovyo ubora wao ni wa miezi miwili mitatu, wakati samaki asiye na mafuta mengi kama changu huenda sita na kuendelea. Hapa ndipo mashine ya vakyumu inapolipa gharama yake, na kwa nyumba inayopenda nguru mimi nasema inunuliwe.

Lakini lile kundi la tatu, mifuko isiyovuja popote na bado imelegea, lilikuwa na maji mekundu yaliyoganda chini. Nikauliza waliingiza kiasi gani siku moja. Yule mwana wa kiume wa mama akacheka kidogo. Bei ilikuwa nzuri feri, kwenye soko la samaki, wakachukua karibu kilo 30, wakazitia zote kwenye friza jioni ileile, mifuko imepangwa mmoja juu ya mwingine tangu chini hadi mfunikoni.

Friza ya nyumbani ina uwezo wa kugandisha kwa siku takriban kilo moja kwa kila lita 25 hadi 30 za ujazo wake. Hii ya lita 200 ilistahili kilo saba au nane. Ukiijaza kilo 30 za samaki wenye joto la Mikindani, mota itaunguruma siku mbili, na mifuko ya katikati itakuwa imefunikwa na wenzake. Baridi ya friza ya kulala inatoka kwenye kuta. Samaki wa katikati anaganda polepole, na kadiri anavyochelewa ndivyo maji ndani ya nyama yanavyofanya chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama. Akiyeyuka, majimaji yanatoka na ladha inatoka nayo. Majimaji yaliyotoka kabla hajaganda sawasawa ndiyo yaliyolegeza ile mifuko. Kufunga hakukuwa na kasoro. Nyama ndiyo iliyopungua ndani yake.

Samaki waliopangwa bapa wakiegemea ukuta, safu moja, wanaganda usiku mmoja. Wakishaganda ndiyo warundikwe katikati.

Limebaki la mjukuu, nalo ndilo lililonifanya nikae mpaka adhuhuri. Mama alikuwa ameazimia kutupa mashine. Nilimuuliza mtoto alikula nini siku ile na wangapi walikula. Walikula wote, mtoto na baba yake walipata kuwashwa, baba kidogo. Changu kutoka mifuko ya aina ileile walimla mara nyingi bila neno. Ingekuwa plastiki, changu naye angewasha.

Nguru, jodari, vibua na dagaa wana asili ya pamoja: nyama yao ina kitu ambacho bakteria, samaki akikaa kwenye joto, wanakigeuza kuwa histamini. Mlaji anawashwa mdomo, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, wakati mwingine anatapika, mara nyingi ndani ya saa moja. Inafanana na mzio, na dawa za mzio zinaitibu, kwa hiyo zahanati walifanya sawasawa. Ubaya wa histamini ni kwamba ikishatengenezwa haiondoki. Friza haiiondoi, mafuta ya moto hayaiondoi, ndimu haiiondoi, na vakyumu haina habari nayo. Samaki anaweza kuwa nayo na asinuke hata kidogo.

"Nguru huyu mlimchukua saa ngapi, kaka?" nilimuuliza yule mwana wa mama.

"Saa tano hivi. Mashua iliingia mapema, ila tulisubiri bei ishuke."

"Alikuwa kwenye barafu?"

"Alikuwa kwenye turubai."

Bei ilishuka kwa sababu jua lilipanda. Mchuuzi anajua anachofanya. Nguru wa saa tano aliyelala kwenye turubai tangu alfajiri ni wa kupikwa? Hata hapo mimi ningesita. Wa kugandishwa, kabisa hapana. Sheria niliyowapa ni ya vitabu vya samaki wa nchi za joto: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tangu anapotoka majini mpaka anapoingia friza. Sanduku la barafu liende nawe feri. Ukifika nyumbani ndiyo utafute barafu, umeshachelewa. Na samaki anunuliwe kwa kukaguliwa: jicho limejaa, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Ukikuta samaki ana damu imevilia ndani na uti umeachana na nyama, huyo huenda ni wa baruti. Pwani yetu imeteseka sana na uvuvi huo. Nyama yake inalegea upesi, na hakuna mfuko utakaomsimamisha.

Kuna hatari nyingine ambayo haikutokea hapa, lakini niliisema kwa sababu niliona mifuko miwili imewekwa kwenye beseni juani iyeyuke kwa ajili ya mchana. Mfuko usio na hewa unawanyima pumzi bakteria wengi wa kuozesha, wale wanaotoa harufu. Unampa nafasi mmoja mbaya zaidi, Clostridium botulinum, ambaye hewa ndiyo adui yake. Aina yake inayohusishwa na samaki inaweza kukua hata kwenye nyuzi 3.3, joto la friji ya kawaida, na sumu yake haihitaji kunuka ili iue. Kwa hiyo samaki wa vakyumu anakaa friza, hakai friji. Siku ya kupika, kata mfuko kwanza, hewa iingie, kisha mweke kwenye bakuli ndani ya friji ayeyuke. Mama aliona ni usumbufu. Nilimwambia mkasi ni sekunde moja.

Na umeme je? Friza iliyojaa ikiachwa bila kufunguliwa inashikilia baridi saa 48 hivi, na iliyojaa nusu inaishikilia saa 24. Ukikatika, hakuna kufungua kuangalia; kila anayeangalia anatoa baridi. Umeme ukirudi, samaki ambaye bado ana barafu ndani anaweza kuachwa agande tena, atapungua ladha tu. Aliyelainika na kupata joto akiwa ndani ya mfuko uliozibwa atupwe. Kutupa nguru kunauma, najua. Kifaa cha kulinda friza dhidi ya umeme unaopanda na kushuka hawakuwa nacho, na hicho niliwauzia mimi mwenyewe, kwa hiyo msomaji achukue ushauri huu akijua nina maslahi.

Mzigo uliofuata waliufanya kwa utaratibu mpya. Sanduku la barafu lilikwenda feri, nguru akanunuliwa saa moja asubuhi kwa bei ya juu kidogo, kilo nane tu, akakatwa vipande vya unene wa vidole viwili, akafutwa, akalala kwenye masinia usiku. Asubuhi mkaza mwana akafunga, mistari miwili kila mfuko, akabandika karatasi ya gundi na kuandika samaki gani na mwezi gani. Siku ya tatu wakaingiza kilo nane nyingine. Kwa kasi hiyo friza ilijaa bila kelele. Mfuko mmoja ulivuja, wakauona mapema wakaupika jioni ileile. Mzigo wa Newala sasa unapakiwa umeganda kama tofali, umebanana sandukuni bila nafasi, umezungushiwa magazeti, unapanda basi la asubuhi. Binti alipiga simu kusema umefika ukiwa mgumu katikati na umeanza kulainika pembezoni. Hao wa pembezoni aliwapika siku hiyohiyo, na ndivyo inavyotakiwa.

Mkaza mwana sasa ana wazo la kuuza. Wapangaji wa Shangani, Mtwara mjini, wameshaanza kumuulizia. Nilimwambia kwamba hapo mambo yanabadilika: tangu mwaka 2019 usalama wa chakula cha kufungashwa uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na anayeuzia watu samaki ndani ya mfuko usio na hewa anapaswa kuanzia huko kabla ya kuanzia Kariakoo. Mashine yake ya mezani pia haitamudu. Waya wake haukutengenezwa kwa mifuko hamsini mfululizo. Mama mkwe hakungoja nimalize. Alisema friza ni yake, akiba ya kusi kwanza, biashara itatafuta friza yake. Wamekubaliana kuagiza mifuko ya kukata ya msimu mzima na mpira mmoja wa akiba. Ile mifuko laini iliyobaki haitupwi: kitufe cha kuziba bila kuvuta kinaifunga vizuri kabisa, na wanaijaza korosho za kukaanga.